Siku Tulipokwenda Kuijaza Shule ya Dani Eleni

Mwezi uliopita jirani yangu mpya hapa Kisumu alichoma nyama ya mbuzi aliyoipaka majani fulani makavu. Harufu yake ilipita kwenye korido, ikaingia chini ya mlango wangu nikiwa nakunja nguo. Nilisimama na shati mkononi, na kwa muda kidogo sikuwa mtu mzima mwenye kazi na kodi ya nyumba. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne pale Luanda Kotieno, kando ya ziwa, nimekaa kwenye baraza ya nyumba iliyo nyuma ya kanisa, miguu ikining'inia, nikingoja mkate uive.

Nilimgongea jirani nikamwuliza ametia nini. Akanionyesha kichupa cha dukani kilichoandikwa oregano. Mimi nilikuwa nayajua majani hayo kwa jina la rigani, kwa sababu ndivyo alivyoyaita Dani Eleni, na yeye hakuwa nayo kwenye kichupa. Alikuja nayo kutoka kwao yamejaa foronya nzima ya mto, na foronya ile ilitundikwa juu ya mlango wa jikoni, hata ukiingia inakugusa kichwa.

Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Hakuwa nyanya yetu wa damu. Alikuwa Mgiriki, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mume, mwembamba, daima amevaa gauni jeusi hata jua likiwa la kuchoma kichwa. Kanisa letu la Kiorthodoksi lilimkaribisha aje akae mwaka mmoja katika nyumba ile ya nyuma ya kanisa, awafundishe akina mama kushona kwa cherehani. Kiswahili alikuja nacho nusu, ile nusu nyingine akajaziwa na sisi, ambao chetu pia kilikuwa na mashimo. Mama yangu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akisema "kiti yangu", yeye akijibu "mtoto changu", na wanaelewana vizuri kabisa.

Kila jioni, akina mama wakishaondoka, sisi watoto tulibaki. Nilikuwepo mimi Awuor, alikuwepo mdogo wangu Ouma wa darasa la kwanza, na alikuwepo Apiyo, binti wa jirani, ambaye alikuwa rika langu lakini alijua mambo yote. Dani Eleni alitukatia mkate wa moto, akaumwagia mafuta ya zeituni na kuunyunyizia rigani. Kisha alikaa kwenye kiti chake akiangalia ziwa, akaanza kutueleza habari za kijijini kwao.

Sijawahi kusikia habari tamu kama zile. Watu wa kijiji kile, alisema, hawakuwa wa pale asili. Nyanya yake alizaliwa ng'ambo nyingine ya bahari, na wakati wa vita akina mama walikimbia na watoto mgongoni, wakajazana kwenye mashua bila chakula, na padri wao amebeba picha ya Bikira Maria iliyofungwa kwenye blanketi. Walipofika nchi kavu walipewa mlima wa mawe mtupu. Wakaokota yale mawe wakajenga nyumba. Wakaokota mengine wakajenga kanisa, na yaliyobaki wakajenga shule. Dani Eleni alikuwa akitueleza huku mikono yake inajenga hewani, jiwe juu ya jiwe, na Ouma alikuwa akiinua mikono yake pia kumsaidia.

Kisha vikaja vita vingine, askari wakachoma kijiji. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa. Mama yake alijificha pangoni na mbuzi wawili, amewafunga midomo kwa leso wasilie. Tulimwuliza habari za mbuzi hao mara nyingi kuliko habari za askari. Mbuzi walipona. Moshi ulipoisha watu walirudi, wakakuta kuta zimesimama kwa kuwa mawe hayaungui, wakaweka mapaa mapya. Na kila mwaka, mwezi wa nane, siku ya Bikira Maria, kijiji kizima kilichoma mbuzi uwanjani, wakala meza moja, wakacheza wameshikana mikono kwa duara kubwa, wazee mbele, watoto mwisho. Alitufundisha hatua zake pale barazani. Tulicheza mpaka vumbi likaingia kwenye mkate.

Sasa niseme tulichoelewa vibaya, maana ndicho kilicholeta mambo yote. Kijiji kile kilikuwa na jina refu la Kigiriki lililoanza na Petro. Alitueleza kuwa maana yake ni mawe, lakini sisi masikio yetu yalishika Petro tu. Kijiji cha Petro. Na Petro tulimjua. Apiyo, ambaye hakukosa mafundisho ya Jumapili hata siku moja, alituthibitishia kwamba Petro alikuwa mvuvi wa ziwani. Sasa ziwa tulilolijua sisi lilikuwa moja, lile lile lililokuwa mbele ya macho yetu. Tena Dani Eleni akisimulia alikuwa akielekeza kidevu kule kule majini, na ng'ambo ile, siku ya hewa safi, tuliona milima. Milima ya mawe. Kwa hiyo kijiji chake kilikuwa kule. Kwamba alikuja kwa ndege hakukutusumbua. Wazungu, tulivyojua sisi, hupanda ndege hata kwenda mahali pa kutembea kwa miguu.

Ijumaa moja, siku tuliyofunga shule kwa likizo, tulimkuta ameshika simu, hasemi, anasikiliza tu. Alipoikata alijifuta macho na aproni. Mkate ulikuwa umeungua, na hilo lilituogopesha kuliko machozi. Tukamwuliza nani amekufa. Akasema hakuna mtu aliyekufa, ila shule ya kijijini, ile aliyosoma yeye na kufundisha maisha yake yote, imefungwa. Vijana walikwenda zamani kutafuta kazi miji ya mbali, nchi za mbali, wakazaa huko huko. Walikuwa wamebaki watoto wawili, ndugu, na sasa baba yao amewahamishia mjini.

"Madawati yapo," alisema. "Ubao upo. Watoto ndio hakuna. Sasa mbuzi wataingia kulala."

Tulirudi nyumbani. Darasani kwetu tulikaa wanne kwenye dawati la watu wawili, na wa pembeni akiandika nusu ya makalio iko nje. Na kule ng'ambo, karibu hivyo, kulikuwa na shule nzima inayotafuta watoto. Nakumbuka Apiyo alisimama katikati ya njia, akanishika mkono, na sote wawili tukaona jambo lile lile kwa wakati mmoja. Nilisisimka mpaka nikahisi baridi. Kama shule inafungwa kwa kukosa watoto, na sisi ni watoto, basi tatizo liko wapi?

Jumamosi asubuhi tulivaa sare za shule. Ouma alikuwa hajaalikwa, lakini aliniona nikifunga tai akasema atalia, kwa hiyo akaja. Alitoka nyumbani na malapa, na viatu vyake vyeusi vya shule kavibeba mkononi visichafuke. Tulipofika ufuoni alikaa kwenye jiwe, akavaa viatu vizuri, akayapanga malapa yake pembeni mwa maji ayakute akirudi. Hakuna aliyemwambia ayafiche. Tulikuwa tunaitazama feri.

Feri ya kwenda Mbita tuliiona kila siku ya maisha yetu lakini hatukuwahi kuipanda. Tulijipenyeza nyuma ya mama mmoja mpana aliyekuwa na watoto wake kadhaa na karai la samaki, na mkata tiketi akatuchukulia kuwa ni wake. Mlango ule mkubwa wa chuma ulipoinuliwa na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyetu, nilitaka kupiga kelele. Nilijizuia kwa kumbana Ouma mabegani. Maji yalikuwa ya kijani karibu yetu na ya fedha kule mbele. Upepo uliinua tai zetu. Nyuma yetu nyavu za omena zilizoanikwa zikawa vitambaa, kisha zikawa hazionekani, na mbele milima ikaanza kukua. Kila ilipokua niliona jiwe lingine la Dani Eleni. Apiyo alidai ameliona kanisa. Mimi nikaliona pia. Ouma akasema ameona mbuzi, na kweli wakati huo hata ningeambiwa wamefungwa leso mdomoni ningekubali.

Tulishuka Mbita tumeshikana mikono. Kulikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wakisema Kijaluo, jambo lililotushangaza kidogo. Apiyo alimwendea mwendesha bodaboda akamwuliza kwa adabu kijiji cha Petro kiko wapi. Yule kijana akauliza Petro gani, fundi wa mashua? Tukatazamana. Tulikuwa tumepata zaidi ya tulichotafuta. Akatuelekeza tufuate ufuo mpaka tuone mashua zimelazwa kifudifudi.

Tuliziona. Katikati yake alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, anapigilia misumari, na nyavu zimetundikwa nyuma yake. Hata Apiyo alirudi nyuma hatua moja. Ouma ndiye aliyemkaribia.

"Wewe ndiyo Petro wa Biblia?"

Mzee aliitoa misumari mdomoni. "Mimi ni Petro wa hapa Mbita," alisema. "Yule mwingine alikuja kabla yangu. Nyinyi ni wa nani?"

Nikamweleza, haraka haraka ili nisilie, kwamba tumekuja kwenye ile shule. Kwamba tumesikia haina watoto, na sisi tuko watatu leo, lakini tukiwaambia wenzetu tunaweza kuwa wengi. Kwamba hatuhitaji kitu, sare tunazo. Mzee Petro alitusikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Alituuliza nani ametutuma, tukamwambia hakuna. Akauliza shule hiyo ni ya nani, tukamwambia ya Dani Eleni, Mgiriki, wa kanisani Luanda Kotieno. Hapo akakaa juu ya mashua akavua kofia.

Alichukua penseli yake ya useremala, akachora kwenye ubao mfano wa yai. Hili, akasema, ni ziwa letu. Hapa ni kwenu, hapa ni kwangu, na vyote viwili vikawa karibu hata kidole kimoja kiliweza kuvifunika. Nikamwuliza na Ugiriki? Alipeleka penseli mpaka ukingo wa ubao ukaisha. Kisha akanyoosha mkono, akaonyesha choo cha mabati kilichokuwa mbali kule mwisho wa kiwanja chake, akasema kwa kipimo cha ubao huu Ugiriki iko kupita kile choo, na katikati kuna jangwa, na baada ya jangwa kuna bahari.

Apiyo alianza kulia. Ouma alilia kwa kuwa Apiyo analia. Mimi nilipaswa kulia pia, lakini nilikuwa nakitazama kile choo. Mpaka siku ile dunia ilikuwa na upana wa kile ninachoweza kukiona nikisimama juu ya mwamba wa ufuoni kwetu. Sasa ilikuwa imeruka ubao, ikavuka kiwanja, ikapita mabati, na bado inaendelea. Nilihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta uwanja. Nikamwuliza Mzee Petro, na kupita Ugiriki kuna nini? Akasema hajui, hajafika, lakini anafikiri kuna barafu.

Alitupa ugali na samaki, na tulipokuwa tunakula alimpigia simu mwenyekiti wa ufuo wetu. Nilimwona akiweka simu mbali na sikio, kwa sababu upande wa pili watu walikuwa wanapiga mayowe.

Mama alikuja kuniambia baadaye jinsi asubuhi ile ilivyokuwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika omena aliyaona malapa ya Ouma yamepangwa pembeni mwa maji, hakuna mtoto. Akaita. Mama alipofika na kuyatambua, aliingia ziwani na nguo zake zote. Wavuvi waliokatiza safari na kurudi walikuwa wakivuta nyavu polepole, wote kimya, kwa namna wanavyovuta wakitafuta mtu. Dani Eleni alisikia akiwa kwenye cherehani. Alikuja mbio, mzee yule, akaingia majini na gauni lake jeusi mpaka kiunoni, akashikana mikono na akina mama, wakatembea kwa mstari wakipapasa chini kwa miguu. Hakujua kuogelea. Mama anasema alikuwa akiita majina yetu matatu kwa mpangilio ule ule, bila kupumzika, mpaka mwenyekiti alipopokea simu ya Mzee Petro.

Feri ya mchana ilitushusha mbele ya kijiji kizima. Mzee Petro alikuja nasi, amembeba Ouma. Mama alisimama pale mlango wa chuma unapogusa nchi kavu, nguo zake bado zimelowa, na uso wake sikuujua. Nilikuwa na hakika nitachapwa hapo hapo. Aliuliza neno moja tu kwa Kijaluo, kwa nini. Akajibu Ouma kutoka juu ya bega la mzee.

"Tulienda kwa shule ya Dani isifungwe."

Mama alimgeukia Dani Eleni, ambaye alikuwa amekaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyekatwa miguu.

"Dani, umesikia?" mama alisema. "Walikuwa wanakuja kwako."

Dani Eleni alitutazama mmoja mmoja, tai, sare, viatu vyeusi vya Ouma. Kisha akauliza, "Na mngelala wapi?"

"Kwa madawati," alisema Apiyo. "Si ulisema yapo?"

Alicheka na kulia pamoja, akatuvuta sote kwenye lile gauni lililolowa. Alinuka ziwa na rigani. Mama naye akaanguka pale pale juu yetu, na adhabu ikaahirishwa. Ilikuja keshoye: likizo nzima ile tuligeuza omena juani, sisi watatu, kuanzia umande unapokauka. Lakini hata kazi ile ilikuwa na raha yake, maana kila aliyepita alisimama kutuuliza habari za Ugiriki, na mimi niliwaonyesha iliko kwa kutumia choo cha jirani.

Dani Eleni alikwenda kumwona padri, kisha mwenyekiti wa ufuo, kisha akina mama wa cherehani. Alitaka ile sikukuu ya mwezi wa nane ifanyike kwetu mwaka ule. Na ikafanyika. Mbuzi walichomwa ufuoni wakiwa wamepakwa rigani mpaka foronya ikaisha, na wazee wetu, ambao walisema majani ni chakula cha mbuzi mwenyewe, waliomba waongezewe. Mzee Petro alivuka na mkewe. Kwaya ilikuja na ngoma. Tulifundisha kijiji kizima zile hatua za barazani, tukashikana mikono kwa duara lililoanzia kwenye mashua mpaka karibu na mlango wa kanisa, na akina mama wakazitia hatua zile mtikisiko wa mabega mpaka zikawa zetu.

Katikati ya shangwe hiyo padri alileta simu yake ya kioo. Ndani yake kulikuwa na hoteli ya kahawa ya kule kijijini kwa Dani Eleni, na wazee wake wote wamebanana mbele ya simu ya mjukuu wa mtu. Tulishangaa kwamba saa yao na yetu ilikuwa moja. Walikuwa wazee kweli, wenye mashavu mekundu na nyusi nyeupe, na nyuma yao niliona ukuta wa mawe, jiwe juu ya jiwe, kama mikono ya Dani Eleni ilivyoujenga. Alituita sisi watatu mbele. Mwanamke mmoja mzee sana alisogeza uso mpaka akajaza kioo chote, akauliza swali. Dani Eleni alilitafsiri.

"Anauliza kama nyinyi ndio wale waliokuja."

Nikasema ndiyo, ni sisi.

Kule ng'ambo mzee mmoja alikuwa ameondoka mezani. Alirudi akihema, mkononi ana kengele ya shaba yenye mpini wa mbao. Alikuwa ameichukua shuleni. Aliinyanyua mbele ya simu akaitikisa kwa nguvu zake zote.

Ilikuwa likizo, ilikuwa sikukuu, na mikono yetu ilikuwa na mafuta ya nyama. Lakini kengele ya shule ni kengele ya shule. Kutoka kwenye mashua, kutoka kwenye moto wa mbuzi, kutoka majini, watoto wote wa Luanda Kotieno walikimbia wakajipanga mstarini kwenye mchanga, wafupi mbele, warefu nyuma, mikono imenyooka ubavuni, kimya. Ouma alikuwa wa kwanza. Padri alitembea na simu ile akiwaonyesha wazee mstari wote, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Dani Eleni alijifuta uso. Alinyoosha gauni lake, akaenda akasimama mbele ya mdogo wangu, akainama.

"Kucha," alisema, na Ouma akatoa mikono yake miwili ikaguliwe.